Luxembourg Inaendeshwa na Watu Wasiolala Humo

Sisi tuliokulia Tanzania tunalijua vizuri swali la karani wa sensa: ni akina nani waliolala katika kaya hii usiku wa kuamkia siku ya sensa? Ni swali la busara, kwa kuwa humzuia mtu mmoja asihesabiwe mara mbili. Hata hivyo, tangu nianze kufanya kazi Luxembourg nimeona kwamba ipo nchi ambayo haiwezi kueleweka kwa kuhesabu waliolala humo peke yao, kwa sababu karibu nusu ya walioajiriwa humo hulala kwingine. Nami ni mmoja wao.

Hesabu ya kawaida ni hii: Luxembourg ina eneo la kilomita za mraba 2,586, ambalo linakaribiana na Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja, na mwanzoni mwa mwaka 2025 ilikuwa na wakazi wapatao 682,000. Takriban 47 katika kila wakazi 100 ni raia wa nchi nyingine, na kundi kubwa kuliko yote ni la Wareno, waliofuata ajira za ujenzi na viwanda tangu nchi hizo mbili zilipotiliana saini mkataba wa kazi mwaka 1970. Hesabu ya mchana ni nyingine kabisa. Kila siku ya kazi watu wapatao 230,000 huingia kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, zaidi ya nusu yao wakitoka Ufaransa, na jioni hurudi makwao. Ukiwaondoa hao, kisha ukawaondoa na wageni wanaoishi nchini, raia wenyewe wanaobaki ni kama robo tu ya wote walioajiriwa.

Ndiyo maana nasikitika kila ninaposoma kwamba Luxembourg ndiyo nchi tajiri kuliko zote kwa pato la kila mtu, zaidi ya dola 120,000 kwa mwaka, bila mwandishi kuongeza hata sentensi moja ya ufafanuzi. Pato hilo huzalishwa na wote, wakazi na wavuka mpaka, lakini hugawanywa kwa idadi ya wakazi peke yao. Ni kama shamba lililolimwa na kijiji kizima, kisha magunia yakaandikwa daftarini kwa kuhesabu vichwa vya nyumba moja. Sikatai kwamba nchi hii ni tajiri. Iliinuka kwa chuma cha kusini, na chuma kilipoyumba katika miaka ya 1970 ikageukia mabenki, kisha mwaka 1988 ikawa ya kwanza Ulaya kuingiza katika sheria zake kanuni mpya za mifuko ya uwekezaji, na leo ni Marekani peke yake inayoizidi katika biashara hiyo. Ninachosema ni kwamba tarakimu ile inaficha mikono ya watu.

Mikono hiyo naiona kila alfajiri. Saa kumi na moja na nusu tunakuwa tumejipanga kwenye jukwaa la stesheni upande wa Ufaransa, kila mtu na mkoba wenye viatu vya kazi na kopo la chakula, na treni inapofika watu wengi husimama, kwa kuwa viti vilishajaa kabla ya kituo chetu. Katika makao ya wazee ninakofanya kazi, zamu ya usiku hutukabidhi ripoti kwa Kifaransa. Juzi tulikuwa wanne mezani: mmoja hutoka upande wa Arlon, Ubelgiji, mmoja hutoka Trier, Ujerumani, mwenzetu Mreno anaishi Esch, humo humo Luxembourg, na mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa Luxembourg. Mzee tuliyekuwa tunamzungumzia alifanya kazi kwenye tanuri la chuma ujana wake wote, na siku hizi Kifaransa kinamtoroka, amebaki na Kiluxembourg cha mama yake. Nikimwambia «Moien», yaani salamu ya Kiluxembourg, hunishika mkono na kuanza kunisimulia habari ambazo naelewa nusu yake, nami humsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa hiyo nayo ni sehemu ya kazi.

Huduma za umma za nchi hii zinasifiwa, na nyingi zinastahili sifa. Tangu tarehe 29 Februari 2020 mabasi, tramu na treni za daraja la pili ni bure nchi nzima, kwa mkazi, kwa mtalii na kwa mtu kama mimi. Uamuzi huo haukuwa mzito kwa hazina kama wengi wanavyodhani, maana nauli zilikuwa zinalipia takriban sehemu moja ya kumi tu ya gharama za usafiri. Lakini ubure huo unakomea mpakani. Kipande cha safari kilichoko Ufaransa nakilipia kwa tiketi ya mwezi, na wenzangu wengi ambao hawana stesheni karibu hupita barabara kuu ya A31, ambako foleni ya asubuhi inaweza kumla mtu saa nzima na zaidi.

Niwe mkweli pia kuhusu kinachotuleta. Kima cha chini cha mshahara Luxembourg ni zaidi ya euro 2,600 kwa mwezi kabla ya makato, ilhali Ufaransa ni kama euro 1,800. Zaidi ya hapo, gharama za maisha zikipanda kwa asilimia 2.5, mishahara yote hupandishwa kwa kiwango hicho kwa mujibu wa sheria, jambo ambalo mfanyakazi yeyote wa kwetu angelitamani. Hakuna aliyetulazimisha kupanda treni ile. Lakini mtu anayelinganisha mishahara hiyo miwili na kuona mjadala umekwisha hajajiuliza kwa nini hatuhamii huko huko. Katika jiji la Luxembourg mita moja ya mraba ya nyumba huuzwa kwa karibu euro 10,000 au zaidi. Hata raia wenyewe, hasa vijana, sasa wanavuka mpaka kutafuta nyumba Perl, Trier na Arlon, kisha wanakuwa wavuka mpaka katika nchi waliyozaliwa.

Machi 2020 ukweli huu ulionekana bila pazia. Ujerumani ilirudisha ukaguzi mpakani ili kuzuia korona, hata kwenye daraja la mto Mosel karibu na Schengen, kijiji kile cha Luxembourg ambako mwaka 1985 ulisainiwa mkataba wa kuondoa ukaguzi wa mipakani. Serikali ya Luxembourg ilielewa mara moja kwamba mipaka ikifungwa kabisa, hospitali zingekosa wauguzi, ikaandaa vyumba vya hoteli kwa wafanyakazi wa afya wanaoishi ng'ambo. Kwa majuma machache tulikuwa tunahesabiwa. Namkumbuka mwenzetu mmoja aliyekuwa akizungumza na wanawe kwa simu kila usiku, wao wakiwa kilomita thelathini tu kutoka alipo.

Baada ya hapo tulirudi katika hali ya kawaida, ambayo ni ya kudai haki moja baada ya nyingine. Mikopo na ruzuku za masomo kwa watoto wa wavuka mpaka zilipatikana baada ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kutoa hukumu Juni 2013. Posho ya watoto wa kambo, ambayo sheria ya mwaka 2016 ilitunyima, ilibidi nayo ifikishwe mahakama hiyo hiyo, ikaamua Aprili 2020 kwamba huo ni ubaguzi. Ikumbukwe kwamba michango ya pensheni tunayokatwa kila mwezi ndiyo inayowalipa wazee wa leo, akiwemo yule fundi wa tanuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jean-Claude Juncker, akiwa Waziri Mkuu, alitahadharisha kwamba pensheni hizo zingeisukuma nchi kuwa dola la watu 700,000. Wakati ule ilisikika kama idadi ya kutisha. Sasa inakaribia kutimia.

Linaloniuma zaidi ni kodi. Kodi ya mapato yangu hubaki Luxembourg, nami sina kinyongo na hilo. Lakini mtoto wangu anasoma mji ninakoishi, taka zangu zinazolewa huko, na muuguzi atakayenitunza uzeeni pengine atatakiwa kupatikana huko huko, wakati vijana wa mji huo wamefuata mshahara wa ng'ambo. Kituo cha kulelea watoto kilicho karibu nasi kilinijibu kwamba orodha ya wanaosubiri ni ndefu na walezi hawatoshi. Walezi wawili waliokuwa hapo, niliambiwa, wamepata kazi Luxembourg. Mzunguko huo hauwezi kuvunjwa na halmashauri ndogo isiyo na fedha.

Wanaosema kwamba Luxembourg haiwezi kugawana kodi hiyo na miji tunakoishi wanasahau Geneva. Tangu mkataba wa mwaka 1973, jimbo hilo la Uswisi hupeleka kila mwaka asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara ya wavuka mpaka kwa wilaya za Ufaransa wanakoishi. Luxembourg yenyewe huzilipa halmashauri za Ubelgiji fidia ya aina hiyo. Kwa upande wa Ufaransa imechagua njia nyingine, ya kuchangia miradi: mwaka 2018 pande hizo mbili zilikubaliana kutoa euro milioni 120 kila moja kwa ajili ya reli na maegesho. Reli naihitaji, na siku treni zitakapokuwa ndefu zaidi nitashukuru. Lakini maegesho na reli vinasaidia kutufikisha kazini, na Luxembourg ndiyo inayofaidika kwanza na kufika kwetu. Fedha za shule, za kituo cha watoto na za zahanati ya mji hazimo katika makubaliano hayo, na ndizo ninazotaka ziwekwe mezani pande hizo mbili zitakapokutana tena, kwa kiwango kilichoandikwa na kulipwa kila mwaka kama cha Geneva.