Kusini Tunahitaji Lebo ya Masimulizi na Sauti za Msituni

Ukitaja lebo hapa Mtwara, watu hufikiria Bongo Fleva na singeli. Ni nadra mtu kumfikiria mzee anayesimulia habari za Majimaji, au komba anayelia usiku huko Rondo, mkoani Lindi. Mimi naona lebo ya kurekodi na kuuza masimulizi na sauti kama hizo ndiyo inayotufaa zaidi, na watu wachache wasio na mtaji mkubwa wanaweza kuiendesha, mradi wakubali tangu mwanzo kwamba haitawatajirisha.

Jambo lenyewe si geni. Moses Asch alianzisha kampuni ya Folkways mjini New York mwaka 1948, akatoa muziki wa kiasili pamoja na santuri za washairi wakisoma tungo zao, Langston Hughes akiwa mmojawapo, na mwaka 1958 akatoa santuri nzima ya milio ya vyura wa Amerika Kaskazini, ikiwa na maelezo ya mtaalamu Charles Bogert. Alipofariki mwaka 1986 alikuwa ametoa santuri zaidi ya 2,000, na msimamo wake ulikuwa kwamba santuri haiondolewi sokoni kwa sababu tu wanunuzi wake ni wachache. Mwaka uliofuata Taasisi ya Smithsonian iliuchukua mkusanyiko huo kwa makubaliano kwamba zote ziendelee kupatikana.

Kinachonivutia zaidi ni vijitabu vya maelezo vilivyotoka pamoja na santuri hizo. Sauti za wazee tunazotumiana kwa WhatsApp hazina jina la msimulizi wala la kijiji, na mara nyingi mtu huwa ameshazipachikia kinanda cha huzuni, kana kwamba mzee hasikiliziki bila kinanda. Lebo makini ingeanza kwa kukiondoa kinanda hicho, kisha ikaandika nani anasema, wapi, mwaka gani na kwa lugha gani, iwe Kimwera, Kimakonde au Kiyao.

Kwa wanyama, maelezo ya namna hiyo yana uzito uleule. Komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi, alitambuliwa kuwa spishi ya peke yake katika miaka ya 1990, na mlio wake ulikuwa miongoni mwa ushahidi mkuu, kwa sababu komba wadogo hufanana mno kwa sura na usiku mtafiti huwasikia kabla ya kuwaona. Mlio uliorekodiwa bila kutajwa msitu, saa na tarehe unabaki kuwa burudani, ambayo si mbaya, lakini haimsaidii mtu anayetaka kujua kama mnyama huyo bado yupo.

Kwenye masimulizi, ningesisitiza kwamba ngano isirekodiwe studio. Msimulizi aliyefungiwa peke yake mbele ya ukuta hufupisha hadithi na kuziruka nyimbo zilizomo ndani yake, kwa kuwa hakuna wa kumwitikia. Arekodiwe barazani kwake Newala, wajukuu wakiitikia, mikrofoni moja ikiwa karibu na kinywa chake na kuvalishwa kifuniko cha manyoya kwa ajili ya upepo, nyingine ikiwaelekea watoto. Jogoo wa jirani akiwika, aachwe. Bodaboda ikipita, msimulizi aombwe kuirudia sentensi.

Nyimbo za jando na unyago nisingeziuza kabisa, hata kama wenyewe wangekubali, kwani mafunzo hayo hutolewa kwa walioingizwa tu, na wimbo ukishauzwa utapigwa hata kwenye daladala, ambayo haiulizi abiria wake kama wamechezwa.

Halafu kuna malipo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazigusa pia sanaa za jadi, lakini mzee wa Nachingwea hatakwenda mahakamani kudai mgawo wake. Kwa hiyo mkataba usomwe kwa sauti kwa lugha anayoielewa, fedha ya kwanza alipwe siku hiyohiyo ya kurekodi, na mgawo wa mauzo utumwe kwenye simu yake au ya mtu aliyemchagua mwenyewe. Lebo isiyomudu hayo iendelee kurekodi vyura, ambao hawadai chochote.