Kadi ya grafiki isiyopiga kelele: uanze na wati au na memori?

Anayejenga kompyuta ya kuchezea gemu kwa bajeti ya kati hukutana na ushauri wa aina mbili unaopingana. Wa kwanza unamwambia achukue kadi inayokula umeme kidogo, kwa sababu umeme mdogo ni joto dogo, na joto dogo ni feni zinazozunguka taratibu. Wa pili unamwambia asijifunge na kadi yenye memori yake ya GB 8 zama hizi. Achukue yenye memori kubwa hata kama inakula umeme zaidi, kelele atazishughulikia baadaye kwenye mipangilio. Pande zote mbili zina hoja za kweli. Mimi naegemea wa kwanza, hasa kwa mtu anayecheza Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, ila wapo wanunuzi ambao ningewashauri kinyume.

Karibu umeme wote unaoingia kwenye kadi hugeuka joto. Tuchukue kadi za RTX za Nvidia na za RX za AMD. RTX 4060, iliyotoka Juni 2023, imepangiwa wati 115. RX 6600 ya Oktoba 2021 ni wati 132. RX 7600 ya Mei 2023 ni 165, na RTX 3060 ya mwanzoni mwa 2021 ni 170. Zote nne zinatosha monita ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), lakini joto lao haliendi na kasi yao: RTX 4060 inaipita RTX 3060 kwenye gemu nyingi huku joto lake likiwa pungufu kwa karibu theluthi moja.

Joto hilo linaondolewa na feni, na hapa kuna kanuni ambayo maandishi ya kwenye boksi hayaitaji. Hewa inayosukumwa huongezeka sawasawa na mzunguko wa feni, lakini kelele huongezeka kwa kasi kubwa zaidi. Ukizidisha mzunguko mara mbili, kelele hupanda kwa takribani desibeli 15, na sikio la mtu huisikia nyongeza ya desibeli 10 kama sauti iliyokua maradufu. Kwa hiyo kipoza joto kikubwa chenye feni mbili pana zinazokwenda taratibu kinakishinda kidogo chenye feni moja inayohangaika, hata kama vyote vinaifikisha kadi kwenye nyuzi zilezile. RTX 4060 fupi ya feni moja na RTX 4060 ndefu ya feni mbili zina chipu ileile, ila usiku utazitofautisha ukiwa umefumba macho.

Sasa ingiza hali ya hewa yetu kwenye hesabu. Vipimo vingi vya kelele vinavyosomwa na kila mtu hufanyika Ulaya na Marekani, kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari, saa tatu usiku, bila kiyoyozi, kinaweza kuwa na nyuzi 30 au zaidi. Joto la kadi hupanda karibu sambamba na joto la chumba. Kadi iliyotulia kwenye nyuzi 65 kule itataka kufika 73 au 75 hapa, na programu inayoziendesha feni haitaiacha, itaongeza mzunguko. Tuseme feni zimetoka mizunguko 1,400 kwa dakika hadi 2,000. Kwa kanuni niliyoitaja, hiyo ni nyongeza ya karibu desibeli 8. Kadi iliyosifiwa kuwa haisikiki sasa inasikika vizuri tu, na aliyeisifia hakusema uongo. Tena kadi ya wati 170 ikifanya kazi saa nne kwenye chumba kidogo cha kulala kilichoezekwa bati bila dari, inakipasha joto chumba kilekile inachotegemea kipozee.

Hali hiyohiyo inaigusa sifa nyingine inayouzwa sana, ya feni kusimama kabisa kadi isipokuwa na kazi. Ni sifa nzuri. Lakini feni hizo hupangiwa kuanza kuzunguka kadi ikifika nyuzi 50 au 60 hivi, na kwenye chumba cha joto, keisi ikiwa haina hewa, kadi inaweza kukaa palepale mpakani hata ukiwa unasoma barua pepe. Feni zinaamka, zinapoza, zinasimama, zinaamka tena. Mlio unaokuja na kuondoka unaudhi kuliko mlio mdogo wa muda wote. Kwa bahati nzuri dawa yake ni ya bure: programu kama MSI Afterburner inakuruhusu kuziacha feni zizunguke polepole bila kusimama.

Kuna pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa linatoka kwa watu wanaoishi humuhumu. Wanasema nyumba zetu hazina ukimya wa kulinda. Pangaboi linazunguka, jirani ana redio, bodaboda zinapita, na mchezaji mwenyewe amevaa hedifoni. Kwa nini atoe hela ya ziada kwa ajili ya ukimya ambao hatausikia? Kwa anayecheza mchana sebuleni, hoja hii inatosha kabisa, na hela yake aiweke kwenye kasi. Lakini pangaboi lina mvumo mpana wa chini ambao sikio hulizoea, ilhali feni ndogo ya kadi inayokimbia ina mlio mwembamba wa sauti moja unaopenya juu ya mvumo huo. Namba ya desibeli pekee haikuonyeshi tofauti hiyo. Na wengi wetu tunacheza chumba tunacholala, mdogo mtu akiwa kitanda cha pili na shule kesho asubuhi. Hedifoni zinamlinda aliyezivaa tu.

Nikija upande wa memori, sina nia ya kuupunguza. RTX 3060 ya kawaida ina GB 12, na RTX 4060 iliyoifuata ikaja na GB 8. Tangu 2023 zimetoka gemu kubwa ambazo kwa picha za kiwango cha juu huijaza GB 8 hata kwenye 1080p, na memori ikijaa kasi haipungui kidogo kidogo. Gemu hukwama sekunde na kuendelea, au picha za kuta na vitu ndani ya gemu zinabaki na ukungu. Hakuna mpangilio wa feni unaotibu hilo. Ukishusha ubora wa picha linaondoka, ndiyo, ila mtu anayenunua kadi ya kukaa nayo miaka minne au mitano ana haki ya kuuliza kwa nini aanze kushusha mwaka wa kwanza. Na kama pamoja na gemu anahariri video au anatengeneza michoro ya 3D kwa kipato, GB 12 zinamlipa. Huyo ningemwambia achukue RTX 3060 bila kusita.

Watetezi wa upande huu huongeza kwamba kadi ya wati nyingi inaweza kufundishwa adabu. Ni kweli. Ukishusha kikomo cha umeme cha RTX 3060 hadi asilimia 75 au 80 hupotezi asilimia hizohizo za kasi. Unapoteza chache tu, kwa sababu wati za mwisho ndizo zinazotumika vibaya zaidi. Kupunguza volti kunakupeleka mbali zaidi kwa mwenye subira ya kujaribu. Na hila kubwa kuliko zote ni kufunga idadi ya fremu, yaani picha ambazo kadi inatengeneza kila sekunde. Mwenye monita ya hezi 60 au 75 akicheza Valorant bila kikomo, kadi inatengeneza mamia ya fremu kwa sekunde ambazo monita yake haiwezi kuzionyesha, na inakula wati nyingi kwa kazi hiyo isiyo na faida. Akifunga kwenye 60, umeme unashuka sana na feni zinatulia. Mlio mwembamba wa koili (nyaya zilizosokotwa ndani ya kadi), ule unaosikika hasa kwenye menyu za gemu fremu zinapofumuka, nao mara nyingi huisha hapohapo.

Lakini hila hizi zote zinaifaa pia kadi ya wati 115. Ukiifundisha adabu RTX 3060 inafika pale RTX 4060 ilipoanzia, na hiyo nyingine nayo inashuka zaidi. Kwa hiyo hoja ya kufundisha adabu inaonyesha kwamba kadi kubwa inavumilika. Haionyeshi kwamba zimelingana.

Bili ya umeme huletwa sana kwenye mjadala huu, na naona inapewa uzito usio wake. Tofauti ya wati 55 kwa saa nne kila siku ni yuniti 6.6 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, anayelipa kama shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni shilingi 2,350 hivi. Anayepaswa kupiga hesabu ni aliye kwenye D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, ambako bei nafuu inaishia yuniti 75 kwa mwezi. Kompyuta nzima ikivuta wati 200 kwa saa hizohizo nne inakula yuniti 24, na hapo kila wati inayookolewa inamsaidia asivuke mstari.

Jambo linaloamua zaidi kuliko bili ni mashine yenyewe. Kompyuta nyingi za bei ya kati huku kwetu zinaanzia kwenye mtumba wa ofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zinazopatikana Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi kwa wingi. Ni mashine imara, lakini pawa saplai zake mara nyingi ni za wati 240 hadi 290, nyingi hazina waya wa kulisha kadi, na baadhi zina plagi za kampuni yake tu, huwezi kuchomeka pawa saplai ya kawaida. Keisi ina feni moja ya kutoa hewa. Humo mjadala wa GB 12 unafungwa kabla haujaanza. Kadi inayoingia bila purukushani ni RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024: wati 70, inalishwa na sloti yenyewe, na zipo za kimo kifupi kwa keisi nyembamba. Haina kasi ya RTX 4060, ila kwa EA FC, GTA V na Valorant inatosha. Kuweni makini na kadi za Intel Arc kwenye mashine hizi. B580 ya Desemba 2024 ina GB 12 kwa bei nzuri, lakini inakula wati 190 na inahitaji Resizable BAR (njia ya prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa pamoja) ili ifanye kazi ipasavyo, kitu ambacho mazabodi za zamani hazina.

Mtumba wa kadi zenyewe nao una mambo yake. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi saa 24 ziliingia sokoni, na kinachochakaa kwanza kwenye kadi hizo ni feni. Dukani, kabla ya kutoa hela, weka kidole kwenye bawa la feni, lizungushe taratibu na uweke sikio karibu. Feni nzima huteleza na kusimama kwa upole. Iliyokufa beringi inakwaruza, au bawa linacheza juu na chini ukilibonyeza pembeni. Kisha omba ichomekwe na ibebeshwe mzigo dakika 15, uangalie kwenye programu ya vipimo ya HWiNFO tofauti kati ya joto la chipu na joto la sehemu yake yenye moto zaidi. Ikizidi nyuzi 20 au 25, pesti ya kupitisha joto imekauka au kipoza joto kilifungwa vibaya. Vyote viwili vinatengenezeka, na fundi mzuri atakubadilishia feni kwa gharama ndogo, lakini ni haki bei ishuke kwanza. Kwa RX 580, angalia pia GPU-Z, programu inayoonyesha undani wa kadi: kwenye idadi ya vitengo vya kuchakata (shaders) ikionyesha 2048 mahali pa 2304, umeshikishwa toleo dogo.

Kwa mashine yenye keisi inayopitisha hewa na pawa saplai ya wati 450 au 500, chaguo langu la mtumba ni RX 6600 ya feni mbili. Wati 132 zinapozwa kirahisi, na mara nyingi bei yake iko chini ya RTX 3060. Kwa mpya ni RTX 4060 ya feni mbili. RTX 5060 ya Mei 2025 ina kasi zaidi lakini inarudi kwenye wati 145 na bado ni GB 8. Zote hizi nazitoa kwa mtu wa 1080p anayekubali kushusha picha ngazi moja gemu ikidai.

Asiyekubali, na mwenye uwezo wa kuongeza hela, aitazame RX 9060 XT ya GB 16, iliyotoka Juni 2025 kwa wati 160, wastani unaopozeka bila vurugu kwenye kipoza joto kizuri. Hapo ugomvi wa wati na memori unapungua sana. Asome tu boksi kwa makini, kwa kuwa ipo pia ya GB 8 yenye jina lilelile.