Msichome vitako vya magobore

Kila polisi wanapotangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, naunga mkono kwa moyo wote. Gobore, ile bunduki ya kienyeji ya kushindilia baruti, likikosa kibali ni hatari, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha na anayelificha. Mtutu uende, ukakatwe, ukayeyushwe. Ombi langu ni moja: kabla moto haujawashwa, vitako, yaani zile mbao zinazobeba chuma na kuegemea begani, vivuliwe, hata vitano tu, vipelekwe mahali ambapo sisi maseremala tutaweza kuvishika.

Ninacho kitako kimoja. Babu mzaa mama, kule Sengerema, chuma chote alikipeleka kituoni nikiwa mdogo, akabaki na mbao. Ni mninga, umekuwa mweusi kwa jasho na mafuta. Shavu la babu lilipokuwa likiegemea pameng'aa kama kigoda cha zamani. Shingoni mwake, mahali kiganja kinaposhika, kitako kiliwahi kupasuka. Akakiviringishia ngozi mbichi ya mbuzi, akaishona ikiwa bado imelowa, ikakauka na kubana mpaka leo.

Ufa ule umenifundisha kuliko chuo. Shingo ni nyembamba, na hapo ndipo kitako kinapoinama kuelekea begani. Nyuzi za mbao zikipita mshazari mahali hapo, baruti ikisukuma nyuma, siku moja itakatika. Fundi makini hutafuta mbao ambayo nyuzi zake zimejipinda zenyewe kuufuata mkunjo. Mafundi wa mitumbwi hapa Mwanza wanalijua hili vizuri: taruma, ule ubavu wa ndani wa chombo, hawalichongi kwenye ubao ulionyooka, wanatafuta tawi lililokua na kona yake. Sisi wa vitanda na makabati ndio tumesahau. Mguu wa kiti wenye mkunjo tunaukata kwenye ubao wowote uliopo karakana, halafu tunashangaa mteja anaporudi ameushika mkononi.

Kazi ngumu zaidi ni kulaza chuma ndani ya mbao. Futi haisaidii hapo. Babu alikuwa akishika chuma juu ya kibatari mpaka kipate masizi, anakibonyeza kwenye mbao, anakitoa, anaangalia. Palipochafuka ndipo panapogusa. Anaparua kidogo mno kwa patasi, anarudia. Anaweza kurudia mara thelathini au arobaini, asubuhi nzima, mpaka weusi uenee sawasawa. Huko Marekani, watu wanaochonga kwa mikono bunduki za kushindilia za mtindo wa Pennsylvania wa karne ya 18 hufanya vilevile hadi leo, ila mbao yao ni ya mti wa maple. Kijana wangu wa karakana akipewa bawaba ailaze, anachimba shimo kubwa kisha anajaza gundi na unga wa mbao. Inaniuma, maana mkono anao, ila hajawahi kuona kazi ya namna nyingine.

Kitako pia hupimwa kwa mwenyewe, kuanzia kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia. Babu alikuwa na mikono mifupi. Nikikiweka begani kwangu, pua inagota kwenye dole gumba.

Magobore hayakubaki kwetu kwa bahati mbaya. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mwanya kwa zile za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zenye mtutu usio na mifuo ndani. Hicho ni kipande cha historia yetu, na nusu yake ni useremala.

Najua wapo watakaosema nasifia silaha. Mbao bila mtutu haiui. Ujangili umetuumiza vya kutosha na sitaki mtu yeyote afundishwe kutengeneza gobore. Nataka afundishwe kusoma nyuzi.

Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yanatunza ngoma na vitu vya watemi, na banda moja limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Vitako vitano havitajaza hata kona ya chumba. Changu nitakipeleka mwenyewe, na ngozi yake ya mbuzi, siku watakayosema wanavipokea.