Maji ya sileji: yazuiwe yote, au yale makali tu?

Kuna ubishi wa muda mrefu kuhusu maji machafu yanayotiririka kutoka kwenye sileji, yaani majani mabichi yaliyovundikwa kuwa lishe, za wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa. Wapo wanaotaka kila silo, yaani mahali pa kuvundikia majani hayo, hata ya mwenye ng'ombe watano, iwe na sakafu ya zege na tangi la kukinga kila tone. Wengine wanasema mfugaji huyo hachafui kiasi cha kubebeshwa gharama hiyo, wabanwe wenye mashamba makubwa. Kila upande una hoja, ila wote wanapima wingi wa maji, wakati madhara yako kwenye ukali wake.

Majani mabichi yakikatwakatwa, yakashindiliwa na kufunikwa, hutoa maji ya kahawia yaliyojaa sukari, asidi na protini. Yakiingia kijitoni, bakteria huyala na kumaliza oksijeni, na samaki hufa kwa kukosa hewa. Oksijeni inayohitajika kuozesha maji taka ya majumbani ni kama miligramu 300 kwa lita. Kwa maji ya sileji ambayo hayajachanganyika na mvua, ni kati ya 30,000 na 80,000. Ndoo moja tu inaweza kudhuru kijito sawa na ndoo mia za maji taka au zaidi. Kwa hiyo hoja ya kwamba mdogo hana madhara haisimami, hasa ikiwa silo yake iko juu ya kisima cha jirani.

Lakini hata hoja ya kukinga kila tone ina tatizo lake. Mvua ya milimita 40 kwenye uwanja wa silo wa mita za mraba 50 ni lita 2,000 za maji. Tangi dogo hujaa maji ya mvua, hufurika, na yale makali hutoka pamoja nayo. Mfugaji amelipa, na kijito hakijapona.

Njia inayoniridhisha ni kutenganisha maji makali na yale ya mvua. Mvua kubwa hutisha macho, kumbe maji yake yamezimuliwa sana. Yanayoua ni yale yanayochuruzika polepole, hasa siku chache baada ya kufunika silo, na yale ya manyunyu yanayopita kwenye sileji iliyofunguliwa. Upande wa chini wa uwanja hujengwa kingo fupi yenye tundu dogo. Mchirizi mwembamba hupita kwenye tundu na kuingia kwenye pipa au shimo. Mvua ikizidi, maji hupanda juu ya kingo na kusambaa kwenye ukanda wa nyasi, ambako udongo huyachuja.

Wanaopinga nyasi wana sababu. Maji makali yakipita sehemu ileile kila siku, huunguza nyasi ukabaki mstari wa udongo mtupu, na mstari huo hugeuka mfereji wa kuelekea mtoni. Udongo ukiwa umelowa chepechepe, hauchuji kitu. Nyasi zinafaa tu pale maji makali yanapokingwa kwanza na yanayobaki yanapotawanywa kwa upana.

Kinga ya bei nafuu zaidi huanza shambani. Majani yakiachwa yanyauke hadi sehemu kavu, yaani ile isiyo maji, ifike asilimia 30 hivi ya uzito, hayatoi maji karibu kabisa. Yakivundikwa yakiwa asilimia 20, tani moja inaweza kutoa lita 100 au zaidi. Kunyausha nako kunategemea jua, na yakikauka kupita kiasi hayashindiliki vizuri, huingia hewa na ukungu. Siwezi kumlaumu mfugaji aliyevundika majani mabichi kwa sababu mvua haikukatika.

Maji yaliyokingwa ni mbolea yenye nitrojeni na potasi, yakizimuliwa kwa maji sawa kwa sawa kabla ya kumwagwa shambani, mbali na kisima. Yasimwagwe kwenye shimo la samadi lililofunikwa: asidi yake huchochea gesi ya salfidi ya hidrojeni, ambayo imeshaua watu.

Ningependa kanuni zikague maji yanayotoka mpakani mwa shamba, si aina ya ujenzi. Pale ambapo shamba liko kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, au maji ya ardhini yako juu, zege na tangi havikwepeki hata kwa mwenye ng'ombe watano. Hapo gharama isimwelemee peke yake, kwa sababu wanaokunywa maji ya chini ya mteremko ndio wanaonufaika zaidi.