Jumapili za Uingereza zinanichosha

Nimetoka Columbus, Ohio, Marekani, kuja kusoma Oxford mwaka mmoja, na wikiendi ndiyo nafasi yangu pekee ya kuiona nchi hii. Sasa kwa nini reli zitengenezwe Jumapili hiyohiyo? Juzi nilikuwa narudi kutoka Bath, tiketi nimeilipia mapema. Nafika stesheni, naambiwa leo hakuna treni, pandeni basi. Safari ya saa moja na ushei ikala karibu saa tatu, tunazunguka vijiji gizani. Kabla ya hapo foleni ndefu kwenye mvua, bibi mmoja wa watu kasimama na begi lake, hakuna hata wa kumpa kiti. Na nauli ni ileile! Mtu akilipia treni, apewe treni. Akipewa basi, arudishiwe chake.

Nafika Oxford saa moja usiku, njaa inanikwangua. Supamaketi imefungwa. Hapa kuna sheria ya mwaka 1994: duka linalozidi mita za mraba 280 huruhusiwa kufunguliwa kwa muda wa saa sita tu siku ya Jumapili. Nawaelewa wanaotaka wafanyakazi wapumzike, hilo sina ugomvi nalo. Lakini kwetu Jumapili ndiyo siku ya kununua vya wiki nzima, na mazoea hayo hayaniachi. Nikaishia kiduka cha pembeni, mkate na mayai, bei ya juu kuliko supamaketi. Jumamosi ijayo nakwenda York. Kurudi ni Jumapili, na tangazo la mabasi nimeshaliona.