Asilimia 40 ya majimbo ya Kongo: tusiifute kabla haijalipwa

Ukisimama nusu siku Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, utauelewa ugomvi wa fedha za majimbo bila kufungua kitabu. Malori yanayotoka yamebeba mabamba ya shaba na magunia makubwa ya kobalti, mzigo ambao sehemu yake kubwa imechimbwa pande za Kolwezi, jimbo la Lualaba, ukapita Likasi na Lubumbashi kabla ya kufika hapo. Yanayoingia yamebeba mafuta, salfa ya viwanda vya madini, saruji, na mahindi ya Zambia yatakayosagwa Lubumbashi yawe unga wa bukari, yaani ugali. Mpaka uko Haut-Katanga. Madini ni ya Lualaba. Forodha ni ya taifa, na inachokusanya kinaingia hazina iliyoko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo. Sasa, katika kila faranga 100, ngapi ni za nani?

Katiba ya mwaka 2006 ilikwisha kulijibu swali hili. Ibara ya 175 inasema sehemu ya mapato ya taifa inayotengewa majimbo ni asilimia 40, na inakatwa pale pale inapokusanywa. Hairuhusu mtu kulipa akijisikia, wala haimtaki gavana apande ndege kwenda kubembeleza. Lakini miaka imepita, serikali zimebadilika, na hakuna hata moja iliyotekeleza ibara hiyo kama ilivyoandikwa. Fedha zote hupanda Kinshasa kwanza, kisha kiasi fulani hushuka kwa jina la marejesho. Hushuka kwa kuchelewa na kwa upungufu, na gavana hawezi kujua Januari atakuwa na nini mkononi ifikapo Juni.

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba anataka tume ya kuipitia upya katiba. Tangu siku hiyo mjadala umejaa mihula ya urais, na hilo linaeleweka, kwa sababu ibara ya 220 inakataza kuigusa. Ila ibara hiyo hiyo ina aya nyingine ambayo haipigiwi kelele hata kidogo. Inakataza marekebisho yoyote yenye lengo au matokeo ya kupunguza mamlaka ya majimbo na ya ngazi zilizo chini yake: miji, komine, sekta na usultani. Walioiandika katiba waliziweka haki za majimbo ndani ya ukuta ule ule unaolinda mihula. Kwa mkulima wa Kamina au mama muuza samaki wa Kalemie, naamini aya hii ya pili ina uzito mkubwa zaidi ya ile ya kwanza.

Hata hivyo, nisiwaonee wanaosema asilimia 40 haitekelezeki. Wana hoja, na baadhi ni nzito.

Ya kwanza ni jiografia ya makusanyo. Mapato ya Kongo yanakusanywa katika sehemu chache mno: Kinshasa penye makao makuu ya kampuni, Kongo Central penye bandari za Matadi na Boma, na Katanga ya zamani penye migodi na mpaka wa kusini. Ukikata asilimia 40 papo hapo kwenye chanzo, majimbo hayo yatashiba kupita kiasi, na Sankuru, Kwango, Tshuapa au Nord-Ubangi yatabaki na karibu sifuri. Na kukata kwenye chanzo, chanzo chenyewe ni kipi? Kontena linalolipiwa ushuru Matadi huenda bidhaa zake zitaliwa Kikwit au Kananga, na mlaji wa huko ndiye aliyeubeba ushuru huo ndani ya bei. Kwa nini fedha zake zibaki bandarini?

Hoja ya pili inahusu mishahara. Shule za msingi na sekondari, afya na barabara za jimbo ni kazi ya majimbo kwa mujibu wa katiba, lakini walimu na wauguzi wanalipwa na Kinshasa. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2019, inabebwa na bajeti ya taifa. Maofisa wa hazina husema fedha hizo nazo zinatumika majimboni, kwa hiyo zihesabiwe. Kwa hesabu wako sawa. Kwa madaraka hawako sawa, maana mshahara unaoamuliwa Kinshasa haumpi gavana uwezo wa kuamua hata kalvati moja. Lakini ukimwachia gavana mishahara hiyo kesho asubuhi, sithubutu kuahidi kwamba mwalimu wa kijijini atalipwa mwisho wa mwezi.

Kisha kuna historia, na hapa watu huongea kwa sauti ya chini. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Uasi huo uliishi hadi Januari 1963 kwa sababu kodi za kampuni ya Union Minière zililipwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, badala ya Léopoldville. Viongozi wa Kinshasa wa kila kizazi wamerithi hofu hiyo: jimbo lenye shaba likishika fedha zake lenyewe, litaanza kujiona nchi. Ongeza vita vya mashariki. Waasi wa M23 waliiteka Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, mapato ya pande hizo yakakatika huku gharama za jeshi zikipanda. Waziri wa fedha akisema hawezi kugawa asilimia 40 katika hali hiyo, hajatunga kisingizio cha kitoto.

Ni kweli pia kwamba majimbo yenyewe hayajajisaidia. Mwaka 2015 majimbo 11 yaligawanywa yakawa 26. Katanga peke yake ilizaa manne. Kila moja lilipata gavana, naibu wake, mawaziri wasiozidi 10, bunge na magari ya watu wote hao. Mengine yalianza bila jengo la ofisi. Fedha kidogo zinazoshuka huliwa na mishahara ya taasisi, na zikichelewa, jimbo hutafuta pa kuzipata: kizuizi barabarani, risiti ya gari, risiti ya mzigo, kodi ya sokoni yenye jina jipya. Mfanyabiashara anayetoa mahindi Haut-Lomami kuyaleta Lubumbashi hulipia barabara mbovu mara mbili, kwanza kwa matairi na mafuta, halafu kwenye vizuizi. Akifika sokoni, mahindi ya Zambia yameshamshinda bei. Ardhi ya Kaniama na Kamina inaweza kuilisha Lubumbashi, lakini Zambia ikifunga mauzo ya nje mwaka wa ukame, bukari inapanda bei mjini ndani ya siku chache. Kwangu mimi ustawi wa jimbo unapimwa hapo: je, gunia la Kamina linaweza kufika Lubumbashi likiwa na bei nzuri kuliko gunia lililovuka mpaka?

Barabara kama hiyo haitajengwa na marejesho yanayokuja kwa kushtukiza. Mkandarasi haendi kazini kwa fedha ambayo hakuna anayejua itaingia lini. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo hoja kubwa ya upande wa majimbo, na inapita hata ile ya haki. Jimbo lisiloweza kutabiri mapato yake haliwezi kupanga, na lisiloweza kupanga litalipa mishahara tu na kuongeza vizuizi. Tumelinyima nyenzo, kisha tunatumia udhaifu wake kama ushahidi kwamba halistahili nyenzo.

Na hatuhitaji kubuni mfano, maana tayari tunao. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 iliugawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayoyachimba, hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 sekta, usultani au komine yenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Jambo jipya, na la maana, ni kwamba kampuni inalipa kila sehemu moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye haki. Fungu la jimbo halipiti Kinshasa. Mrabaha wa kobalti ukapandishwa hadi asilimia 10 ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka huo huo, na shaba ikawa asilimia 3.5. Maeneo ya Kolwezi na Fungurume yakaanza kupokea fedha ambazo chifu wa sekta wa miaka ya nyuma asingeziota.

Katanga haikujitenga. Nchi haikuvunjika. Hofu ya 1960 ilijaribiwa kwa vitendo, kwa kipimo kidogo, na haikutimia.

Ila tumejifunza na jambo chungu. Fedha zimefika kwenye sekta na usultani ambako mabaraza ya kuchaguliwa hayajawahi kuwepo tangu katiba hii ianze kufanya kazi. Desemba 2023 wapiga kura walichagua madiwani wa komine katika baadhi ya miji. Vijijini, penye mashimo ya migodi, hawajachagua mtu. Mkuu wa sekta anapokea, anaamua, anatumia, na hakuna chombo cha wananchi cha kumwita mezani afungue daftari. Ndiyo maana penye mrabaha mkubwa unaweza kukuta jengo jipya la utawala limepakwa rangi, na mita chache kutoka hapo akina mama wanachota maji kwenye kisima cha kuchimba kwa jembe. Watetezi wa ugatuzi, nami nikiwemo, tumelipigia kelele fungu la majimbo kuliko tulivyoupigia kelele uchaguzi wa mabaraza hayo.

Kenya inaweza kutusaidia kidogo hapa, bila kuigwa. Katiba yao ya 2010 haikuahidi 40. Iliahidi angalau asilimia 15 kwa kaunti 47, ikaweka tume ya kupendekeza fomula ya mgao na mdhibiti wa bajeti anayechapisha ripoti za matumizi. Magavana wa huko nao hulalamika kila mwaka kwamba hazina inachelewesha. Lakini wanajua wanachodai, kwa sababu kiasi kimeandikwa kwenye sheria ya mwaka ule. Gavana wa Kongo anadai asilimia ya kiasi asichoonyeshwa.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nasimama na ibara ya 175, lakini si kwa kuitekeleza yote kwa siku moja. Kwanza, mfuko wa usawazishaji. Ibara ya 181 inataka asilimia 10 ya mapato yote ya taifa iende kwenye mfuko wa kuyainua majimbo yaliyo nyuma. Sheria yake ilitungwa mwaka 2016, na mfuko haujawahi kulishwa kwa kiwango hicho. Bila mfuko huo, kukata kwenye chanzo kutakuwa sherehe ya Lubumbashi na Kolwezi, na Lodja, huko Sankuru, watabaki kutazama kwa mbali. Mkatanga anayedai fungu lake bila kulitaja fungu la Sankuru anadhoofisha kesi yake mwenyewe.

Halafu ukataji uanze na mapato ambayo chanzo chake hakibishaniwi, kama ulivyoanza mrabaha, na kila mwaka sehemu iongezeke kwa ratiba iliyoandikwa kwenye sheria ya bajeti. Ushuru wa forodha, wenye utata wa Matadi na Kasumbalesa, ugawanywe kwa fomula ya idadi ya watu na umbali badala ya mahali pa kulipia. Mishahara ya walimu ibaki Kinshasa kwa sasa, na ihesabiwe waziwazi, ili kila jimbo lijue limepewa nini kwa mkono upi.

Serikali ina jibu lake lingine, mpango wa maendeleo wa wilaya 145, unaojenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala nchi nzima. Siukebehi, mtoto anayesoma chini ya bati jipya hajali bati limeamuliwa wapi. Lakini mpango huo uliratibiwa kutoka Kinshasa na kukabidhiwa mashirika matatu, mojawapo likiwa la Umoja wa Mataifa. Mkandarasi akiacha jengo kwenye lenta, mwananchi wa pale hana ofisi ya kwenda kugonga. Gavana atamwambia si kazi yake, na atakuwa anasema kweli.

Tume ya katiba, ikiundwa, italetewa pendekezo la kupunguza 40 iwe namba "inayowezekana". Kabla ya kulipokea, iiombe hazina karatasi moja: kila jimbo, kila mwezi tangu 2007, lilistahili kiasi gani na lilipokea kiasi gani. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye milango ya mabunge yote 26, na nakala moja pale forodhani Kasumbalesa, madereva wa malori waisome wakisubiri zamu.