Lodwar: ndege imefika, mbuga bado

Kuna watu kila siku wanalia ati uwanja wa ndege wa Lodwar, huku Turkana kaskazini mwa Kenya, ni mdogo sana, upanuliwe, ujengwe ufanane na wa Eldoret. Mimi sioni shida yake kabisa. Unashuka ngazi, joto linakupokea kabla mguu haujagusa chini, unatembea mwenyewe hadi kwa jengo, begi lako unaliona kwa macho likitolewa, unabeba, umemaliza, kabla jasho halijakauka (halikauki, lakini tuseme) uko nje unabishana bei na mtu wa boda. Nairobi muda kama huo bado uko kwa laini.

Shida iko mbele. Hebu angalia pasenja wenzako: maafisa wa kaunti, watu wa mashirika wanaounganisha kambi ya wakimbizi ya Kakuma, watu wa semina na laptop zao, pengine padri mmoja. Ukisema umekuja kutembea tu, unataka kuona Central Island, kile kisiwa cha mbuga ndani ya Ziwa Turkana, jirani anakuangalia vizuri alafu anauliza, "Sawa, lakini uko na shirika gani?"

Na si mbuga ya mchezo hiyo. UNESCO iliingiza mbuga za Sibiloi na Central Island kwa orodha ya urithi wa dunia 1997, South Island ikaongezwa 2001, na 2018 zote zikatiwa pia kwa orodha ya zile ziko hatarini, sababu kubwa ni bwawa la Gibe III huko Ethiopia, maana karibu maji yote ya Ziwa Turkana yanaletwa na mto Omo, na bwawa hilo liko juu yake. Central Island yenyewe ni volkeno iliyochomoza katikati ya maji, na ndani yake kuna viziwa vitatu vilivyokaa kwa mashimo ya volkeno, na mamba wa Nile wanazalia huko. Yaani ziwa ndani ya kisiwa ndani ya ziwa, na pande zote jangwa. Ungedhani ndege zinajaa watalii.

Hazijai, na nafikiri sababu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: ndege inakuuzia kiti, lakini ukishashuka Lodwar kila kitu kinauzwa kizima. Gari la kwenda Kalokol, kule kwa wavuvi ambako boti ziko, kama kilomita 60 hivi, mtalii anaambiwa akodi zima, na kama ni landikruza shika moyo wako. Zipo Probox za abiria, ndio, unabanwa lakini unafika, na njiani unapita yale mawe yaliyosimama ya Namoratunga ambayo Waturkana wanasema walikuwa watu wakicheza ngoma wakamcheka pepo akawageuza. Sasa ukifika ufuoni ndo kazi, boti haiulizi mko wangapi, petroli ya kwenda na kurudi ni ile ile uwe mmoja au muwe saba, na nahodha ana haki kabisa, yeye hiyo petroli hapewi bure na upepo wa lile ziwa ukiamka hauna urafiki na mtu. Kwa hivyo mtu mmoja mwenye tiketi halali ya ndege anapiga hesabu, anaona boti inakaribia nauli ya ndege, anarudi Lodwar kunywa soda.

Mkoloni alimhamishia Kenyatta Lodwar 1959 akijua umbali peke yake unatosha kuwa askari. Umbali bado uko kazini.

Ndo maana nikisikia pesa ya kurefusha uwanja nachoka. Urefushwe ndege kubwa ilete nani, wafike wakwame wapi? Wape BMU (vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia ufuo) pale Kalokol boti mbili nzuri, jaketi za kujiokoa zinazotosha watu wote (si mbili za kuonyesha), wauze kiti, siku zijulikane, tuseme Jumamosi na Jumapili, zilingane na ratiba ya ndege. Kuna atakayesema watu wakizidi kisiwa kitaharibika. Mimi naona hilo ni jambo la KWS, shirika la wanyamapori, kuweka idadi, hata viti kumi kwa siku ni sawa, kuliko kukiacha cha wale wanaoweza kukodi boti nzima tu. Na wiki ya Tobong'u Lore, ile tamasha ya utamaduni ya Turkana, wakati Lodwar inajaa na hoteli hazipatikani, hizo boti zingelipa mafuta yake zenyewe.

Kwa sasa kama unaenda fanya hivi: ongea na watu ndani ya ndege kabla hamjashuka. Wale wa semina wengi wanamaliza Ijumaa saa saba, tiketi ya kurudi ni Jumapili, na Jumamosi yote wako hotelini wakiangalia simu. Pata wanne wa hao, gawanya boti, kila mtu abebe maji yake mengi na kofia, na mtu asijaribu kuogelea.